Maji ya Rangi ya Ufizi

Kwenye ghala langu la korosho hapa Nachingwea kuna kikasha cha mbao ukutani, karibu na mizani. Nimekitengeneza kwa mikono yangu, kama nilivyotengeneza mambo yangu mengi. Ndani yake kuna chupa ya iodini, chupa ya dawa ya zambarau, sabuni, pamba, na vitambaa vilivyochemshwa. Matajiri wenzangu wakinitembelea nawaonyesha malori, maana ndiyo wanayotaka kuyaona. Nikimaliza malori nawapeleka kwenye kikasha. Hapo wanacheka. "Tajiri, na zahanati umefungua?" Wacheke tu. Mtu aliyeanza kwa kubeba magunia ya watu mgongoni, na leo magunia yanabebwa kwa jina lake, anaweza kuchekwa kidogo asipungue kitu.

Juzi kijana mmoja wa kupakia alikanyaga msumari. Wenzake wakaanza mambo yao, huyu anataka mafuta ya taa, yule ameshaanza kutafuna tumbaku ili aiteme juu ya kidonda. Nikawafukuza wote. Nikamkalisha kijana juu ya gunia, nikamwosha mguu kwa sabuni na maji yaliyochemshwa yakapoa, kisha nikafungua chupa ya iodini. Basi, ile harufu ilipotoka tu, mimi sikuwa tena ghalani. Nilikuwa Matambarale, mtoto mdogo, nimekalia kinu kilichopinduliwa, mguu nimeunyoosha mbele ya ukoo mzima, na baba yangu amepiga magoti mbele yangu anasubiri kuhukumiwa.

Nyinyi wa rika langu mnayakumbuka madonda ya zamani. Langu lilianza kama mkwaruzo tu. Nilijikwaa kwenye kisiki katika shamba la mama la ufuta, ngozi ya muundi ikachubuka, nikalia kidogo nikasahau. Kidonda hakikusahau. Kikavimba, kikapasuka, kikaanza kula kwenda pembeni na kwenda chini, mpaka mtu akikitazama anaona kama mdomo uliofunguka. Donda ndugu hilo. Nzi walinijua kwa jina. Watoto wenzangu walinipenda, siwezi kuwasingizia, lakini tukicheza walinipangia mahali pa kukaa, upande ule upepo unakokwenda.

Aliyenitibu alikuwa Bibi, mama yake mama. Sisi kwetu, kama mnavyojua, mwanamume akioa ndiye anayehamia kwa wakwe zake, na mwenye sauti juu ya watoto ni mjomba wao. Kwa hiyo ule uwanja ulikuwa wa Bibi, nyumba ilikuwa ya mama, neno la mwisho lilikuwa la Mjomba, na baba alikuwa na mkeka wake na baiskeli yake. Alifanya kazi huku Nachingwea, kwenye ule mradi wa karanga wa Wazungu, wakati misitu inang'olewa. Kazi yake ilikuwa kufunga minyororo mikubwa iliyovutwa na matrekta, ile iliyolaza miti kama mtu anavyolaza nyasi kwa mguu. Kila mwisho wa mwezi alipanda baiskeli yake akaja kwetu Matambarale na sukari, sabuni, na vumbi jekundu masikioni.

Kabla sijaugua, kengele ya baiskeli ile ilikuwa sikukuu yangu. Baada ya kuugua ikawa kitu kingine, na nitaeleza kwa nini.

Wazee wetu waliamini kwamba mtu akitoka kulala na asiye wake, anakuwa na joto. Halionekani, halipimwi, lakini lipo. Mwenye joto akikikaribia kidonda kibichi, kidonda kinaoza. Ndiyo maana watoto wakiwa jandoni, wazazi wao nyumbani nao walijizuia, ili vidonda vya watoto vipone. Halikuwa jambo la mchezo. Mtoto akichelewa kupona, watu hawakuuliza amewekewa dawa gani. Waliuliza baba yake amelala wapi.

Sasa baba yangu alilala wapi? Alilala Nachingwea, kwenye kambi iliyojaa watu wa kila kabila, na wanawake waliokuja kuuza chai, pombe na vitumbua. Bibi hakuhitaji kufikiri sana. Kengele ikisikika tu, alinidaka, akakijaza kidonda majivu, juu yake tumbaku aliyoitafuna, juu yake majani, kisha akafunga yote kwa kipande cha kaniki, akakaza mpaka vidole vyangu vikafa ganzi. "Tulia, mume wangu," alikuwa ananiambia, maana mabibi ndivyo wanavyotuita. "Tunamfungia mlango." Kaniki ile haikufunguliwa mpaka baba amerudi kazini. Ikifunguliwa, harufu ilitoka kwanza, halafu usaha, halafu kidonda chenyewe kimeongezeka. Bibi aliwaita watu waone. "Mmeona? Alipokuwa hayupo kilikuwa kinakauka. Amekuja, kimeoza. Mimi nimesema nini?"

Na kweli ndivyo ilivyokuwa. Baba akiondoka, Bibi alinikanda kwa maji ya moto yenye chumvi, kidonda kikapigwa na hewa, kikaanza kujirudi. Baba akirudi, kikaoza. Hata mimi mwenyewe nilihesabia hivyo.

Nikaanza kumwogopa. Mtoto akiambiwa mtu ana moto, anatafuta moto. Nilimtazama baba mikono, sikuuona. Nilimtazama macho, sikuuona. Nikaamua kwamba upo kwenye nyayo, kwa kuwa nyayo ndizo zilizotembea huko kubaya. Siku moja baada ya chakula cha mchana alisinzia kwenye mkeka barazani. Nikajikokota mpaka miguuni pake, nikatanguliza kidole kama mtu anayejaribu pasi. Wayo ulikuwa wa baridi, umepasuka kisigino, una mchanga. Sikufurahi. Niliwaza kwamba moto unaojificha namna hii ndio mbaya zaidi.

Kwetu mkwe hasemi na mkwewe ana kwa ana. Baba hakuweza kumtazama Bibi usoni, na Bibi hakuweza kumtaja baba. Alichotaka kumwambia alikisema kwa kuku wake, jike moja jekundu lililozoea kusimama karibu na jiko kama mjumbe.

"We kuku," Bibi alisema jioni ile, baba akiwa kizingitini. "Umesikia? Kuna viumbe vinatoka mjini na joto lao, vinakuja kumalizia watu mtoto. Wewe kuku ukienda kutaga kwa watu, unarudi na aibu. Wenzio hawana."

Baba aliinama akakaza tairi ambalo halikuwa limelegea.

Kidonda kilipofika mahali ambapo Bibi mwenyewe alikitazama akanyamaza, Mjomba aliitwa. Alikuwa mtu mfupi, mwenye kofia nyeupe, na alisema taratibu kama mtu anayepima nafaka. Alisogeza pua karibu na mguu wangu, akairudisha haraka.

"Shemeji," alimwambia baba. "Mimi sina ugomvi na wewe. Umelima, umejenga, umezaa. Lakini mguu huu unasema jambo."

"Mguu unauma, Shemeji," baba alisema. "Haujasema kitu."

"Unasema kwa harufu. Wakubwa wangu wanataka uchukue mkeka wako kabla mtoto hajakatwa mguu, au hajafa."

Mama alikuwa anapepeta. Ungo ulisimama hewani.

Baba akasema, "Nipeni mtoto nimpeleke kambini kwa dresa. Kule watu wanakatwa na vyuma, wanapasuliwa na magogo, anawatia dawa wanapona. Nimeona kwa macho yangu."

"Mpande baiskeli moja?" Mjomba akashangaa. "Wewe na kidonda, mguu kwa mguu?"

"Kuku wee," Bibi alisema, "leo fisi ameomba kulea mbuzi."

Mjomba alivua kofia, akaitazama ndani, akaivaa. Hukumu yake naikumbuka neno kwa neno. "Haya. Nenda. Hiyo dawa utakayopewa, utaitia wewe, kwa mikono yako, hapa uwanjani, mbele yetu sote. Kama huna joto, mtoto atapona mikononi mwako. Kama unalo, litaonekana. Mwezi mpya ukiandama, nakuja kutazama. Kidonda kimekauka, unabaki, na atakayesema neno nitamtoza faini. Kimeoza, unachukua mkeka, na mtoto anabaki kwa mama yake."

Baba alisema, "Nimekubali." Mimi sikuulizwa.

Tuliondoka alfajiri. Nilikaa kwenye keria nyuma, mguu umening'inia, na safari nzima sikumshika baba. Nilishika chuma cha kiti. Kwenye mashimo nusura nianguke, akaniambia, "Nishike kiunoni," nikajibu, "Naweza." Akasema tena, "Nishike, mwanangu." Nikazidi kukaza chuma. Mgongo wake ulikuwa mbele ya pua yangu, shati limelowa jasho, na mimi nimejirudisha nyuma kama mtu anayeota moto mkali. Hakusema mara ya tatu. Alipunguza mwendo tu, na penye mashimo akashuka akasukuma.

Zahanati ya kambi ilikuwa banda la mabati. Harufu yake ndiyo ile ninayoisema, kali, safi, ya kuingia mpaka nyuma ya macho. Mimi niliyezoea kunuka mwenyewe nilishangaa kuwa kuna mahali wagonjwa wamejaa na hapanuki kidonda.

Dresa alikuwa Mngoni, jitu refu lenye kaptura nyeupe iliyopigwa pasi ikasimama yenyewe, na lilijipenda kweli kweli. Alipojua sisi Wamwera, akaona mchana wake umekuwa mzuri.

"Watani wangu! Babu zangu waliwakimbiza babu zenu mpaka Lindi. Leo mnajileta wenyewe, tena na mguu mmoja!"

"Babu zako walikuwa wanakimbia njaa," baba akajibu. "Sisi tulikuwa njiani tu."

Wagonjwa wakacheka. Dresa akacheka kuliko wote, huku anaikata kaniki. Ilipofunguka akaacha kucheka. Akachukua koleo ndogo, akaanza kutoa kitu kimoja kimoja na kukiweka kwenye kisahani: majivu yaliyogeuka udongo, vipande vya jani, tumbaku.

"Hee! Mguu unavuta tumbaku!" akasema. "Mtoto wa umri huu! Nani amempa?"

Baba hakumtaja Bibi. Alisema, "Ni dawa ya nyumbani."

"Basi mwambie aliyeiweka aivute mwenyewe. Mshike mtoto. We mtoto, hii itakuuma. Ikikuuma nitukane, mimi mtani wako, ruhusa unayo."

Baba alinikumbatia kwa nyuma, mikono yake yote miwili ikanizunguka kifuani. Nilikuwa nasubiri maumivu mawili, ya dawa na ya baba. Dresa akapitisha iodini pembeni mwa kidonda, kwenye ngozi nzima inayokizunguka, na penye michubuko ikauma. Ikauma, bwana! Nilipiga ukelele, "Mngoni mwizi wa kuku wee!" na banda zima likapiga makofi. Lakini yale maumivu ya pili hayakuja. Niliyasubiri. Nilitulia kabisa nikayasikilizia, kama mtu anayesikilizia radi baada ya umeme. Hayakuja. Mikono ya baba ilikuwa mikono tu.

Baada ya hapo dresa akachukua punje nyeusi zinazong'aa, akadondosha chache sana kwenye beseni la maji. Kila punje ilishuka na mkia wa zambarau nyuma yake. Akakoroga, maji yote yakawa ya waridi. Jina la punje zile ni refu, nilikuja kulisikia nikiwa mtu mzima, nikaliacha lilivyo. Akaniosha kidonda kwa maji yale mpaka nyama ikaonekana nyekundu, ndipo akakipaka ile dawa nyingine ya zambarau, nzito kama wino.

"Tazama rangi," alimwambia baba, akainua beseni. "Iwe kama ufizi wa mtoto mchanga. Ikikolea kama damu umezidisha, utamchoma nyama. Hii si pombe, kwamba kali ndiyo nzuri. Asubuhi na jioni. Mikono yako kwanza, kwa sabuni. Kitambaa kichemshwe, kianikwe juani, kifungwe taratibu, kidonda kipate hewa. Majivu, marufuku. Kidonda kina wadudu wadogo huwezi kuwaona, dawa inawaua wao. Wewe ukiwafunika na majivu umewajengea nyumba."

"Vitambaa?"

"Vitambaa sina. Vimekwisha. Tafuta cheupe popote."

Baba alifikiri kidogo. Kisha akanibeba mgongoni, tukapita nyuma ya mabanda mpaka penye kibanda cha chai. Mwanamke mmoja mwembamba alikuwa anakoroga sufuria, mtoto mchanga amefungwa mgongoni. Alipotuona aliacha kukoroga. Akanitazama mguu kwanza, uso baadaye.

"Ndiyo huyu?" akauliza.

"Ndiyo huyu," baba akasema.

Akaingia ndani, akatoka na shuka nyeupe iliyotariziwa maua mekundu ukingoni, safi, imekunjwa. Akampa baba. Mimi akanipa kitumbua cha moto. Nilikila chote, na moyoni nikaamua kuwa huyu lazima ni mke wa dresa, maana nani mwingine angejua habari za vitambaa vya wagonjwa?

Tulipofika nyumbani mama aliipokea shuka. Alipitisha kidole juu ya ua moja, akafuata uzi wake mpaka mwisho.

"Imetoka wapi?"

"Kambini," baba alisema.

"Kambini," mama akarudia. Akatafuta kisu, akaichana vipande, akabandika sufuria ya maji.

Nyapara alimpa baba ruhusa bila shida, maana karanga zenyewe zilikuwa zinakataa kuota na mradi ulikwishaanza kuyumba. Basi kila asubuhi na kila jioni nilikalia kinu, na ukoo ukaja kutazama. Wengine walikuja na viti vyao. Baba ananawa mikono mpaka kwenye viwiko, anapiga magoti, ananipaka iodini ya dresa pembeni mwa kidonda, anadondosha punje, anakoroga, anainua bakuli juani. Halafu ikaja tabia ambayo sikuiona kwingine: alimwita mtoto mchanga wa mama mdogo, akamfunua mdomo, akalinganisha ufizi na maji. Wazee wakainuka kutazama. "Bado, imekolea," mmoja alisema. "Ongeza maji." "Hapo sasa!" Yule mtoto akazoea, akiona bakuli anapanua mdomo mwenyewe.

Bibi alikaa akitupa mgongo. Lakini alikaa karibu.

Mimi nilikuwa na hesabu yangu. Dawa ile ilishika mikononi mwa baba na haikutoka kwa sabuni. Siku zilivyokwenda kidonda kikapungua harufu, na vidole vya baba vikazidi kuwa vya zambarau, kucha zikawa za kahawia. Nikasema, kumbe! Joto linamtoka. Linapitia mikononi, linaingia kwenye maji, baba anabaki salama. Kila jioni nilimkagua vidole, na kila rangi ilipokolea nilisogea karibu zaidi. Wakati fulani niliweka mkono begani kwake ili nisianguke kwenye kinu, nikausahau pale.

Halafu ikanyesha. Mvua ya siku mfululizo, vitambaa havikukauka, mama akavifunga vikiwa na unyevu. Asubuhi vilipofunguliwa, nyama imelegea, maji ya njano yanachuruzika, na harufu ile ya zamani imerudi. Watu wakatazamana. Mwezi wenyewe ulikuwa umebaki ukucha tu.

Bibi aliinuka. Alikwenda jikoni akarudi na majivu kwenye kigae na tumbaku tayari shavuni. "Kuku," alisema, "tumechezewa vya kutosha. Mjukuu wangu hafi mbele yangu." Akainama juu ya mguu wangu.

"Mama, hapana."

Nani amesema? Baba. Alimwambia Bibi, usoni, kwa mdomo wake. Na akauweka mkono wake wa zambarau juu ya kidonda, kati yangu na majivu.

Hata jike jekundu liliacha kuparua. Bibi alijifunika kanga kichwa kizima. Mtu akasema, "Lahaula." Mkono wa baba haukuondoka. Akasema tena, safari hii akitazama chini, "Mama, nisamehe. Majivu hapana. Nifukuzeni kesho. Leo hapana."

Bibi alisimama pale, kigae mkononi, mpaka nikafikiri amegeuka mti. Kisha kutoka ndani ya kanga sauti ikasema, "Kuku, mwambie huyo mtu vitambaa vikaushwe juu ya jiko. Jua halipo." Akaenda kuyamwaga majivu, na tumbaku akaitema nyuma ya nyumba.

Kuanzia siku ile Bibi ndiye aliyevigeuza vitambaa juu ya moto, akivilinda na moshi kama anakausha samaki. Mjomba aliposikia akamtoza baba faini ya kuku kwa kumsemesha mkwewe. Baba akalipa. Yule kuku akawekwa pamoja na jike jekundu, na Bibi akawa na wajumbe wawili.

Mwezi ulipoandama Mjomba alikuja. Nilikaa kwenye kinu. Alipiga goti, akanusa, safari hii hakurudisha pua. Akabonyeza pembeni kwa dole gumba, akabonyeza tena, akanitazama kama nitalia. Sikulia. Katikati ngozi mpya ilikuwa imetandaa, nyembamba na laini, ya waridi. Nilifikiri, kumbe ndiyo rangi ile ile ya maji.

Mjomba akainuka, akapangusa goti. "Shemeji," alisema, "tandika mkeka wako."

Mama aliingia ndani haraka. Nilimsikia akicheka peke yake, au akilia, sikuweza kujua.

Baba aliishi Matambarale mpaka uzee. Nilikua, nikaenda shule nikaishia darasa la pili, nikabeba magunia, nikanunua magunia, nikanunua lori. Na yale mambo ya kidonda nilikuja kuyaelewa kwa akili yangu, bila mwalimu, kwa sababu ya korosho. Korosho ukizifunga kwenye gunia zikiwa mbichi, ukakaza mdomo wa gunia, zinaoza hata kama zililindwa na malaika. Siku moja nilifungua gunia la namna hiyo, harufu ikanipiga, nikakaa chini. Nikaiona kaniki ya Bibi. Alikuwa anafunga mlango dhidi ya baba, na uozo ulikuwa unajipikia ndani ya mlango ule ule. Masikini Bibi. Nikamwona baba hana kosa hata chembe, nikawa nawasimulia wanangu: babu yenu alisingiziwa, dawa ikamsafisha.

Ndivyo nilivyosimulia mpaka siku baba alipofariki. Kwenye matanga alikuja mtu kutoka Nachingwea, mwembamba, mkimya, akakaa pembeni ya wanaume. Niliinuka kumkaribisha, nikasimama katikati ya uwanja. Nilikuwa natazama paji la uso la baba, masikio ya baba, na namna ya baba ya kuinama na kukaza kitu ambacho hakijalegea. Alikuwa anakaza kamba ya kiatu. Akasema mama yake aliuza chai kambini, zamani, enzi za karanga.

Nilimpa mkono, nikampa kiti, nikampa chakula, kama mtu mkubwa anavyopaswa. Kisha nikaenda nyuma ya nyumba kwa mama, aliyekuwa amekaa mkekani na wanawake wenzake. Nikainama sikioni kwake. "Mama, kuna mtu amekuja."

"Nimemwona," alisema. "Apewe nyama nzuri."

"Mama, ulijua?"

Akanitazama kama alivyokuwa akinitazama nikiwa mdogo, nikijisifu kwamba nimevuka mto peke yangu. "Bibi yako alijua. Mimi nilijua. Wewe na mguu wako tu ndio hamkujua."

Nikapiga magoti pale pale, mimi na suti yangu. Bibi alikuwa sahihi kuhusu mwanamke, akakosea kuhusu kidonda, na mimi miaka yote niliyaunga yale mawili kuwa jambo moja. Dawa ilikuwa imefanya kazi ya dawa. Haikumwuliza baba amelala wapi.

"Sasa mbona hukusema?" nikauliza. "Ile shuka uliijua tangu siku ya kwanza. Neno moja tu mbele ya Mjomba, angeondoka."

Mama alinyoosha mkono, akapapasa suruali yangu kwenye muundi, mahali lilipo kovu, bila kukosea hata kidogo.

"Ilikuwa shuka nzuri," alisema. "Niliichemsha mpaka maua yote yakatoka."